"Nyekundu iko wapi?" Kisa cha darasa moja la muziki Nakivale

Jumamosi ya saba niliwapeleka watoto mbele ya kanisa, kwenye kinanda kikubwa cha kwaya. Hadi siku hiyo walikuwa wakijifunzia kinanda kidogo cha betri, ambacho nilikuwa nimekibandika stika za rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Wimbo wao wa kwanza walikuwa wakiupiga bila kukosea. Nikamwita msichana wa miaka 7, mwepesi kuliko wote. Akapanda kwenye kiti, akainua mikono, ikabaki hewani. Akavitazama vitufe vyeupe na vyeusi kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kisha akanigeukia: "Mwalimu, nyekundu iko wapi?"

Nikamwambia, basi uimbe tu ule wimbo, tutaanzia hapo. Hakuweza. Nikawageukia wengine 18 waliokuwa kwenye mabenchi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuimba mstari mmoja wa wimbo ambao vidole vyake vilikuwa vimeupiga majuma matatu mfululizo.

Nilirudi mjini Mbarara jioni ile nikiwa na uchungu wa kweli. Majuma saba ya watoto wale yalikuwa yamepita, na kosa lilikuwa langu. Nakiandika kisa hiki kwa sababu najua walimu wengi, hasa sisi tunaofundisha watoto wa miaka 6 hadi 9 kwa vifaa vya kuokoteza, tunaanza palepale nilipoanzia mimi.

Kwanza mahali penyewe. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Mimi nimezaliwa Busia, mji wa mpakani ambako mtoto anaokota Kiswahili sokoni kabla hajaanza shule, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Kiswahili cha watoto wa Kivu, mashariki mwa Kongo, si kama changu, wao wanasema "batoto" pale ninaposema "watoto", lakini tulielewana tangu siku ya kwanza. Tulikutana ndani ya kanisa la mabati kule Base Camp, saa nne hadi saa sita asubuhi, kabla kwaya ya wakubwa haijaingia kufanya mazoezi. Karibu kila mtoto alikuwa na mama, kaka au dada kwenye kwaya ile, na kila mmoja alitamani siku moja akae kwenye kile kinanda.

Sasa tuitazame stika. Ukimwekea mtoto kitone chekundu kwenye karatasi na stika nyekundu kwenye kitufe, atapiga ndani ya dakika tano, na mzazi atafurahi. Lakini rangi haina juu wala chini. Nyekundu haiko chini ya buluu. Kijani hakipandi kwenda popote. Mtoto anafananisha kitone na stika kama anavyopanga vizibo vya soda vinavyofanana, na kazi hiyo anaweza kuifanya hata akizibwa masikio. Isitoshe, vitone vyangu vyote vilikuwa na ukubwa mmoja na nafasi moja, kwa hiyo havikusema sauti ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Urefu wa sauti waliuiga kwangu, nilipokuwa nimesimama pembeni nikipiga makofi. Kumbe kusoma nilikuwa nasoma mimi, wao walikuwa wakinitazama.

Na kuna jambo moja linaloniuma hadi leo. Mvulana mmoja alikuwa akikosea kila wimbo ulipofika kwenye kijani, nami nilimwambia mara mbili mbele ya wenzake kwamba hatulii. Baadaye nilimpa vizibo vyekundu na vya kijani avitenganishe, akavichanganya vyote. Macho yake hayatofautishi rangi hizo mbili, hali inayowapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Nilimwomba msamaha, mbele ya wenzake wale wale.

Jumamosi ya nane sikuleta kinanda. Nilileta mawe.

Mchezo wa kupitisha mawe watoto walikuwa nao tayari: mnakaa duara, kila mmoja na jiwe mbele yake, mnaimba, na kila pigo unaliweka jiwe lako mbele ya jirani wa kulia, kisha unashika lililoletwa mbele yako. Uzuri wake ni kwamba kosa linaonekana bila mwalimu kufungua mdomo. Anayechelewa anarundikiwa mawe. Anayekimbilia anajikuta anapapasa udongo mtupu. Tulicheza hivyo majuma mawili, mara polepole, mara haraka, mara kimyakimya tukiwa na wimbo kichwani tu, hadi mawe 19 yakagonga sakafu kwa mlio mmoja. Sijapata kuona kifaa cha kuhesabia mapigo kinachomfundisha mtoto wa miaka sita vizuri kuliko hicho.

Juu ya pigo hilo tukaweka maneno ya chakula. Hapa nilikosea tena, na kosa hili lina faida kwa yeyote anayefundisha kwa Kiswahili. Walimu wanaofuata njia ya Zoltán Kodály, mwanamuziki na mwalimu wa Hungaria, hutumia silabi maalumu: "ta" kwa pigo moja zima, "ti-ti" kwa pigo lililogawanywa mara mbili. Nikataka maneno yetu badala yake. Kwa pigo lililogawanywa mara nne nikachagua "maharagwe", maana lina silabi nne kamili. Watoto wakalisema, na wimbo ukapinda. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ma-ha-RA-gwe. Pigo langu lilikuwa kwenye "ma", ulimi wao ulikuwa kwenye "ra", na mguu ukafuata ulimi. Nililazimika kukaa nyumbani na karatasi, nikisema vyakula kwa sauti huku nikipiga meza.

Jibu lilikuwa jepesi nilipoacha kuhesabu silabi na kuanza kusikiliza mkazo. Neno la silabi mbili huanza na mkazo, kwa hiyo "posho" linakaa juu ya pigo lililogawanywa mara mbili bila kulazimishwa. Ukitaka sauti nne za haraka, unganisha mawili: "posho-chai". PO-sho-CHA-i, mkazo kwenye ya kwanza na ya tatu, panapotakiwa. Na yale ya silabi tatu, "samaki", "chapati", "mkate", yana zawadi yake: sa-MA-ki. Silabi ya kwanza inaanguka kabla ya pigo. Nyimbo nyingi huanza hivyo, kwa sauti ndogo inayotangulia pigo kubwa, na jambo hilo huwatesa wanaoanza. Mimi nikasema tu, "Wimbo huu unaanza na samaki," na watoto wakaingia sawasawa. Kwa sauti ndefu walichagua wenyewe mlio wa ng'ombe. Isingiro ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na "mbuu" ya mapigo manne mtoto yeyote pale anaijua.

Baada ya hapo ndipo sauti za juu na za chini zikaingia, kwa chupa.

Wazo lilitoka Busoga, mashariki mwa Uganda. Wasoga wana bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila moja hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana wapigaji wanapopokezana. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mimi naiona pia kuwa darasa bora la mwanzo kwa mtoto: ana sauti moja tu ya kutunza, lakini hawezi kuitunza bila kuwasikiliza wenzake. Nikakusanya chupa 19 za soda za kioo, kila mtoto na yake (ya kupuliza, kwa hiyo hakuna kubadilishana), nikatia maji, nikaweka alama ya kimo kwa rangi ya kucha. Ukipuliza mdomoni mwa chupa, maji yakizidi hewa inapungua na sauti inapanda. Mtoto mmoja akaigonga yake kwa kijiko, akashtuka: "Mwalimu, imegeuka!" Alikuwa sahihi. Ukigonga, kioo na maji ndivyo vinavyotikisika, na maji yakizidi sauti inashuka. Tukatumia asubuhi nzima kwa ugunduzi huo, wala sijutii.

Sauti zilikuwa tano, na makundi matano. Niliziita 1, 2, 3, 5 na 6, nikiacha 4 na 7. Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, aliwaondolea watoto vibao vya sauti hizohizo mbili kwenye ala zao, kwa sababu tano zinazobaki hazigombani: mtoto apulize lolote wakati wowote, bado kunasikika muziki. Yule msichana wa swali la stika akaangukia kundi la 3, na kuanzia hapa nitamwita Tatu.

Namba zina kile ambacho rangi haina. Mtoto anayejua kuhesabu anajua kwamba 5 iko juu ya 3, na kwamba kutoka 3 kwenda 2 ni kushuka hatua moja. Lakini tulipoimba namba zenyewe tukagonga ukuta mwingine. "Moja" ni silabi mbili. Ukiimba "moja, mbili, tatu" juu ya sauti tatu fupi, unapata sauti sita. Nikajaribu kuwafupishia kwa silabi za mwanzo, mo, mbi, ta, ikakwama papo hapo, maana tatu na tano zote huanza na "ta". Watoto ndio waliolitatua. Walikuwa wakingoja zamu nje, wakaanza kuitana kwa mikia ya namba: ja, li, tu, no, ta. Nilipowasikia nilisimama mlangoni na chaki mkononi. Moja ni ja, mbili ni li, tatu ni tu, nne ni ne, tano ni no, sita ni ta, saba ni ba. Silabi saba, hakuna mbili zinazofanana, kila moja inaishia na irabu iliyo wazi ambayo mtoto anaweza kuivuta kadiri atakavyo.

Hangaiko hili ni la kale. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alizitaja sauti zake kwa silabi zilizokatwa kwenye mistari ya wimbo wa kanisa. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alipotengeneza solfa yake, yaani do, re, mi ya kuandikwa kwa herufi, katika karne ya 19, aliibadilisha "si" kuwa "ti" ili kila jina lianze na herufi yake. Watoto wa Base Camp walifanya kazi ileile chini ya mwembe, kwa mchezo, bila mtu kuwaagiza.

Maandishi yakaja mwisho, na yakaja chini, kwenye udongo. Walikuwa tayari wanachora vyumba vya kurukia kwa mguu mmoja. Nikawaomba wachore safu ya vyumba vinane vilivyolingana, kila chumba pigo moja. Ndani ya chumba unaandika namba. Chumba kitupu ni kimya. Ukitaka "posho", unagawa chumba kwa mstari. Mtoto mmoja anatembea juu ya safu kwa mwendo sawa, na kila anapokanyaga namba, kundi lake linapuliza. Nilipenda hasa kuwaona wakijifunza chumba kitupu. Mwanzoni walikiruka haraka kana kwamba hakuna kitu. Kwenye mchezo wa mawe, hata hivyo, walikuwa wamezoea kwamba pigo halisubiri mtu, kwa hiyo baada ya muda mguu ulitua ndani ya utupu ule kwa uzito uleule, na wote wakanyamaza pamoja.

Siku moja makundi mawili yakachora safu mbili zilizotazamana, na namba za safu moja zikaangukia kwenye vyumba vitupu vya nyingine. Waliuona mchezo huo kuwa mpya. Nikawasimulia amadinda, ala ya kugonga ya Buganda: vibao vya mbao 12 juu ya migomba miwili, omunazi anaanza, omwawuzi anaketi ng'ambo yake na kupachika nota zake katikati ya zile za mwenzake, na wa tatu, omukoonezi, anashika vibao viwili vidogo vya mwisho. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alipomfundisha Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, karibu na mwaka 1960, nyimbo hizo ziliwekwa kwenye karatasi kwa namba 1 hadi 5, na nukta mahali pa kimya. Tofauti moja niliwaambia watoto wazi. Amadinda hugawa oktavu, yaani safari kutoka 1 hadi 1 inayofuata juu yake, katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na chupa zetu nilizipanga kwa kinanda cha kanisa, ambacho hatua zake hazilingani. Tuliazima akili ya amadinda, sauti yake hatukuigusa. Nisingependa mtoto akue akidhani ameshaisikia.

Kuhusu kurudi kwenye kinanda sina mengi, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika. Tulianza na vitufe vyeusi. Vimepangwa vitatu, viwili, vitatu, viwili, na vitatu vile ni ja, li, tu, viwili vile ni no na ta. Sauti tano za chupa zote zipo pale, macho na vidole vinazitambua kwa makundi, stika ya nini? Nilijihadhari na kitu kimoja tu: mwalimu wa kinanda huviita vidole kwa namba 1 hadi 5 kuanzia gumba. Mkono wa kulia ukikaa mahali pamoja, gumba juu ya 1, namba za vidole na za sauti zinalingana, na mtoto anaziona kuwa kitu kimoja. Mkono ukisogea, anapotea. Kwa hiyo vidole tuliviita majina yake ya nyumbani, gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, na namba tukaziachia sauti.

Pingamizi kubwa lilitoka kwa kiongozi wa kwaya. Alinisubiri nje Jumamosi moja, akaniuliza kwa upole lakini bila kuzunguka: "Mwalimu, hawa batoto wakikua wataingia kwaya. Kwaya inasoma solfa. Hizi namba zako zitawafikisha wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kwaya yake, kama nyingi za Afrika Mashariki, inaimba kwa herufi ambazo John Curwen, mchungaji wa Uingereza, alizieneza na wamisionari wakazileta huku: d, r, m, f, s, l, t, zikitenganishwa kwa nukta mbili kuonyesha mapigo. Nikamwonyesha kwenye ubao: 1 ni d, 2 ni r, 3 ni m, 5 ni s, 6 ni l. Nukta mbili za Curwen ni kuta za vyumba vyetu. Na zote mbili zinafuata kanuni moja, kwamba "d" au "1" si kitufe fulani, ni nyumbani kwa wimbo, na nyumba inaweza kuhama. Hakuridhika kwa maneno. Aliridhika alipoandika mstari wa solfa na watoto watatu wakaubadilisha kuwa namba na kuuimba. Tukakubaliana: mtoto anayetimiza miezi sita darasani anaanza kuandika yote mawili, namba juu, herufi chini.

Mistari mitano, ile ambayo nota huandikwa juu yake kwenye vitabu vya muziki, tumeigusa kidogo tu. Tunalaza kamba tatu za katani sakafuni, na kanuni ni moja: 1 ikikaa kwenye kamba, 3 na 5 nazo zinakaa kwenye kamba, 2 na 4 zinakaa katikati. 1 ikikaa katikati, 3 na 5 nazo ziko katikati. Watoto wanasimama wenyewe kama nota. Nusu ya darasa imeshaelewa, nusu bado, na nimekataa kuwaharakisha. Mvulana wa kijani yuko kwenye nusu iliyoelewa.

Kuna hasara pia. Nyimbo za kanisa lao zimejaa nne, "ne" iko kila mahali, na vitufe vyeusi havina ne. Watoto walitaka nyimbo za mama zao, si mazoezi yangu, kwa hiyo tulihamia vitufe vyeupe mapema kuliko nilivyotaka, na wawili walikata tamaa wakaacha kuja. Mama wa mmoja wao aliniambia, "Mwalimu, anaimba ja li tu mpaka kwenye foleni ya maji, lakini kinanda anakiogopa." Nimemwomba amlete kwa mchezo wa mawe tu, kinanda akiache.

Jumamosi iliyopita kwaya ilifika mapema. Soprano wawili, waimbaji wa sauti za juu, walikuwa na mafua, na kiongozi akaamua kuushusha wimbo, uanzie sauti ya chini zaidi. Tatu alikuwa bado kwenye kiti cha kinanda, miguu haijagusa sakafu. Kiongozi hakumwondoa. Tatu akavitazama vitufe kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kama siku ile, kisha akamgeukia yeye, si mimi.

"Moja iko wapi leo?"

Kiongozi akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza kitufe kimoja cheupe, akakiachia. Tatu akaguna ja, li, tu kwa sauti ndogo, akaweka kidole cha kati juu ya tatu, akangoja kwaya ivute pumzi.